Kutembea Juu ya Chaki: Ushauri kwa Mgeni wa Njia za Great Missenden

Anayetoka Afrika Mashariki amezoea kwamba mlima una lango. Kilimanjaro haupandwi bila mwongozaji mwenye leseni wala bila kulipa ada, na hifadhi zetu nyingi zina geti, askari na risiti. Ndiyo maana mgeni akifika mashambani Uingereza, akaona kijia kinakatiza katikati ya ngano ya mtu, husimama akijiuliza amwombe nani ruhusa. Hakuna wa kuombwa. Kibao kikisema Public Footpath, njia hiyo ni ya umma kwa mujibu wa sheria, na wewe ni sehemu ya umma hata kama umeshuka kwenye ndege juzi. Hulipi, huandikishi jina, na huna haja ya kueleza umetoka wapi.

Naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi, muuguzi, dereva, mama aliyekuja kumwona mjukuu, na yeyote anayeishi au kupita kusini mwa Uingereza akadhani mashamba yale ni ya kutazamwa kupitia dirisha la treni. Nitajikita katika kijiji kimoja, kwa kuwa ushauri wa jumla haumvushi mtu kwenye tope. Kijiji chenyewe ni Great Missenden, katika Buckinghamshire, ndani ya vilima vya Chilterns kaskazini-magharibi mwa London. Treni kutoka kituo cha Marylebone hufika huko kwa takriban dakika 45. Vilima hivi si virefu: kilele cha juu kuliko vyote, Haddington Hill karibu na mji mdogo wa Wendover, kina mita 267 tu juu ya usawa wa bahari. Usivibeze kwa sababu hiyo. Njia zake hupanda na kushuka mabonde mafupi yenye miteremko mikali, na mchana mmoja wa kufanya hivyo huchosha magoti ya mtu mzima.

Kijiji hiki kina uhusiano na sisi pia. Mwandishi wa vitabu vya watoto Roald Dahl aliishi hapa tangu 1954 hadi alipofariki 1990, na kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo, juu ya kilima ng'ambo ya barabara kuu. Kabla hajawa mwandishi, Dahl alikuwa kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam. Alifika huko mwaka 1938, akajifunza Kiswahili, na vita vilipozuka mwaka uliofuata akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Ameyasimulia mwenyewe katika kitabu chake Going Solo. Ukiwa na watoto wanaokipenda kitabu chake Matilda, anza nao hapo: jumba la makumbusho ya Dahl liko kwenye mtaa mkuu wa kijiji, na vijia vya mashambani vinaanzia karibu na kanisa lenyewe.

Sasa tuingie kwenye sheria, maana ndiyo inayompa mtu ujasiri. Haki hii haikutolewa kwa ukarimu. Mwaka 1932 mamia ya vijana wa viwandani, akiwemo Benny Rothman kutoka Manchester, walipanda Kinder Scout kaskazini mwa nchi bila ruhusa ya wenye ardhi, na baadhi yao wakafungwa jela. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria iliyozitaka halmashauri kuziandika njia zote za umma kwenye ramani rasmi, na mwaka 2000 sheria nyingine ikafungua maeneo ya wazi ambamo mtu anaweza kutembea hata nje ya kijia. Ardhi inabaki kuwa ya mwenyewe. Kilicho chako ni kupita. Kwa hiyo ukiona kibao cha Private kando ya kijia, mara nyingi kinahusu pande mbili za njia, wala hakikuzuii kusonga mbele. Baki kwenye mstari wako.

Mishale midogo iliyopigiliwa kwenye nguzo ndiyo itakayokuongoza, na rangi zake zina maana. Wa njano ni wa waendao kwa miguu. Wa bluu huwaruhusu pia wapanda farasi na waendesha baiskeli. Wa zambarau huongeza mikokoteni ya farasi, na mwekundu unafungua njia kwa kila chombo, magari yakiwemo. Ukiona alama ya tunda la mwaloni, uko kwenye mojawapo ya njia ndefu za kitaifa. Hapa itakuwa Ridgeway, yenye urefu wa kilomita 139, inayotoka karibu na mawe ya kale ya Avebury hadi kilima cha Ivinghoe Beacon.

Jambo linalowatia hofu wageni wengi ni kijia kuingia moja kwa moja ndani ya mazao. Unasimama ukingoni, ngano imefika kiunoni, na nguzo ya upande wa pili inaonekana kwa mbali. Pita. Mkulima anaruhusiwa kulima kijia kinachokatiza katikati ya shamba, lakini kwa kawaida ana siku 14 za kukirudisha, na kinatakiwa kiwe na upana usiopungua mita moja. Tembeeni kwa mstari mmoja, msisambae wala msichume kitu. Ukizunguka pembeni ya shamba ukidhani unafanya adabu, huenda ndipo unapoingia mahali usipo na haki napo.

Ng'ombe nao wanahitaji akili. Sheria inakataza fahali wa mbegu za maziwa aliyezidi umri wa miezi kumi kuachwa kwenye shamba lenye njia ya umma. Fahali wa nyama anaruhusiwa iwapo yupo pamoja na majike. Lakini wa kuogopwa zaidi kuliko fahali ni ng'ombe mwenye ndama. Usipite kati ya mama na mtoto. Zunguka kwa mbali, tembea kwa utulivu, usikimbie. Ukiwa na mbwa, mfunge kamba, na ng'ombe wakikufukuza mwachie mbwa kamba: yeye atawakimbia, na wao wanamtaka yeye. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, kwani huenda mfugaji ameliacha hivyo mifugo ifikie maji.

Baada ya sheria, jifunze udongo. Chilterns ni mwamba wa chaki, uliojengwa na mabaki ya viumbe vidogo sana vya baharini zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita, wakati sehemu hii ilipokuwa chini ya bahari. Karibu kila kitu utakachokutana nacho kinatokana na chaki hiyo. Mvua ikinyesha hupenya chini badala ya kutiririka juu, kwa hiyo huko vilimani hakuna vijito vya kujazia chupa. Maji yanatokeza chini, vilima vinapokutana na tambarare, na hapo ndipo vijiji vingi vya kale vilipojipanga kufuata chemchemi. Ukitaka kujua watu wa juu walivyotaabika, katika kijiji cha Stoke Row, kusini mwa vilima hivi, kuna kisima kilichochimbwa kwa mikono hadi kina cha mita 112. Kilifunguliwa mwaka 1864 kwa fedha za Maharaja wa Benares wa India, aliyesikia habari za kiu yao. Hata mto Misbourne unaopita Great Missenden hukauka sehemu sehemu miaka ya ukame, maji ya ardhini yanaposhuka. Somo lake ni rahisi: beba maji ya siku nzima kutoka nyumbani.

Chaki hiyohiyo ikilowa huteleza kama sabuni. Kwenye miteremko iliyokanyagwa hadi ikawa myeupe, shuka kwa hatua fupi, kanyaga kwenye majani ya pembeni, na usiweke uzito wote kwenye kisigino. Miongoni mwa chaki kuna mawe ya gumegume, magumu na yenye ncha, ambayo yatachosha unyayo wa raba nyepesi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: juu ya vilima, mahali panapoonekana tambarare na salama, chaki imefunikwa na udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na gumegume. Udongo huo haupitishi maji. Kuanzia Novemba hadi Machi misitu ya juu hugeuka tope linalovuta kiatu, wakati mteremko wa nyasi ulio wazi, hatua mia chache kutoka hapo, umeshakauka. Zaidi ya hayo, njia za mshale wa bluu huvurugwa na kwato za farasi. Miezi ya mvua chagua mshale wa njano kila inapowezekana, na upange safari yako ipite ukingoni mwa vilima badala ya katikati ya misitu.

Viatu ndivyo ningekushauri utumie fedha juu yake, hata kama utaazima vitu vingine vyote. Chukua buti fupi lenye meno makali chini, linaloshika kifundo cha mguu, na ulizoee kwa wiki kadhaa mjini kabla ya kulipeleka kilimani. Jinzi ziache nyumbani: zikilowa hazikauki, na baridi ya kulowa ndiyo hatari ya kweli hapa, hata siku isiyo na theluji. Pamba iliyogusa ngozi hufanya vivyo hivyo. Vaa tabaka jepesi la sintetiki au la sufu, sweta, kisha koti la mvua juu. Angalia utabiri wa hali ya hewa wa Met Office jioni ya kabla ya safari na uuangalie tena asubuhi.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa karibu na Ikweta hulisahau kwa urahisi, nalo ni urefu wa mchana. Sisi jua letu huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Katikati ya Desemba katika vilima hivi jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na ndani ya msitu giza hutangulia. Aliyetoka nyumbani saa tano asubuhi akisema ana siku nzima, hana. Majira ya baridi panga uwe umemaliza ifikapo saa tisa, na beba taa ya kichwani hata ukijiamini. Juni mambo ni kinyume: mwanga unadumu hadi baada ya saa tatu usiku, na unaweza kuanza matembezi baada ya kazi.

Ukiniuliza mwezi ulio bora, nitasema mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, na sitayumba. Misitu ya Chilterns imejaa miti ya beech, mirefu, yenye magome ya kijivu na laini. Zamani mafundi walikaa humo msituni wakichonga miguu ya viti kwa ajili ya viwanda vya High Wycombe, na ndiyo sababu mojawapo ya misitu hiyo kutunzwa. Kivuli cha beech ni kizito kiasi kwamba wakati wa kiangazi chini yake hakuoti kitu kikubwa. Lakini kabla majani hayajafunguka, mwanga hufika ardhini kwa wiki chache, na maua ya bluebell hutumia nafasi hiyo hiyo kuchanua kwa pamoja, sakafu yote ya msitu ikawa buluu. Usiyakanyage kwa ajili ya picha. Yakivunjwa majani huchukua miaka kurudia hali yake. Oktoba pia ni mwezi mzuri, beech inapogeuka rangi ya shaba, ila mizizi yake ya juu juu huteleza sana chini ya majani yaliyoanguka.

Sasa njia zenyewe. Kwa anayeanza, au mwenye mzazi au watoto, fuata South Bucks Way kwenye bonde la Misbourne kutoka Great Missenden hadi Little Missenden, kama kilomita nne hivi za kwenda, karibu zote tambarare. Little Missenden kuna kanisa la kale lenye michoro ya ukutani ya karne za kati, mmojawapo wa Mtakatifu Christopher, mlinzi wa wasafiri. Kwenye njia za eneo hili ngazi nyingi za kurukia uzio zimebadilishwa kuwa malango, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea wa Chiltern Society. Mama mwenye magoti mabaya atawashukuru.

Mwenye saa mbili tu aelekee upande wa pili wa reli, apande Angling Spring Wood kuelekea Prestwood. Ni msitu wa kale, mdogo, ulio karibu kabisa na kijiji, na unakupa beech na mteremko wa kutosha kujipima pumzi.

Lakini njia ninayoipenda, na ninayotaka kila msomaji mwenye afya aifanye, ni hii. Kata tiketi ya kwenda na kurudi Wendover, kituo kinachofuata baada ya Great Missenden. Shuka Wendover, fuata alama za tunda la mwaloni upande Bacombe Hill, kisha Coombe Hill, mwendo wa kilomita mbili na nusu hivi. Juu, kwenye mita 260, kuna mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa katika Vita vya Makaburu, uliojengwa mwaka 1904. Bonde lote la Aylesbury limelala mbele yako. Kwenye nyasi zile fupi za chaki, mita moja ya mraba inaweza kuwa na aina 40 za mimea, na ndege wakubwa wekundu wenye mkia uliogawanyika wanaozunguka juu ni mwewe wekundu. Walikuwa wametoweka kabisa katika eneo hili. Waliletwa upya kutoka Hispania kati ya 1989 na 1994, na sasa huwezi kutembea saa moja bila kuwaona. Kutoka mnarani chukua South Bucks Way kurudi kusini kupitia misitu na mashamba ya juu hadi Great Missenden, na upande treni hapo. Safari nzima ni kilomita 11 au 12. Mwenye mwendo wa kawaida aitengee saa nne pamoja na kula.

Ukiamua badala yake kuendelea na Ridgeway kuelekea Princes Risborough, utavuka barabara ya kuingilia Chequers, nyumba ya mapumziko ya mawaziri wakuu wa Uingereza tangu 1921. Kijia ni halali na unakipita kwa uhuru, ila hapo usiache mstari hata hatua moja, kwani kuingia kwenye eneo lile bila ruhusa ni kosa la jinai. Kumbuka pia kwamba treni za Princes Risborough ziko kwenye reli nyingine, kwa hiyo tiketi ya kurudi ya Wendover huenda isikufae.

Simu itakusaidia, lakini usiifanye tegemeo pekee, maana mabondeni mtandao hupotea na baridi hula betri. Nunua ramani ya Ordnance Survey ya Explorer, yenye jalada la rangi ya chungwa, namba 181. Sentimita nne juu yake ni kilomita moja, njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani, na kontua zikibanana ujue kuna mteremko. Angalia pia matangazo ya halmashauri kabla ya kuondoka. Ujenzi wa reli ya mwendo kasi ya HS2, ambayo handaki lake la kilomita 16 chini ya Chilterns linatokeza South Heath karibu na kijiji hiki, umefunga au kugeuza baadhi ya vijia, na ramani ya zamani haitakuambia.

Chakula bebeni chenu. Baa za vijijini hupika, lakini jikoni hufungwa mchana, na anayetafuta chakula halali hatakipata kwa urahisi. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na chai ya chupa ya moto vinatosha kabisa. Mwenye kuswali atapata nyasi safi kila mahali. Kibla kutoka kusini mwa Uingereza ni upande wa kusini-mashariki, na dira itamwonyesha. Desemba, adhuhuri na alasiri hukaribiana sana, hivyo apange kituo cha chakula kikutane na swala.

Kuanzia masika hadi vuli, kupe. Wapo kwenye nyasi ndefu na vichaka, wadogo kuliko tuliowazoea kwenye mifugo, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu, ingiza miguu yake ndani ya soksi, na ukifika nyumbani kagua kwapa, kinena, nyuma ya magoti na nywele za watoto. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu na ngozi umvute wima taratibu. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Upele wa duara unaopanuka, hasa ndani ya wiki moja hadi nne, mpelekee daktari bila kungoja. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani wazi, kwa hiyo mwambie daktari kwamba umetembea mashambani na umeng'atwa. Ajali ikitokea piga 999. Sajili simu yako mapema kwa kutuma neno register kwenda 999, ili mahali sauti isipopita uweze kuomba msaada kwa ujumbe. Filimbi nayo ibebe: milio sita, kimya dakika moja, kisha rudia.

Najua wapo wanaosita kwa sababu isiyo tope wala kupe. Wanahofia kutazamwa, kuwa mtu mweusi peke yake au mwenye hijabu peke yake kwenye kijia. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Nenda na wenzako mara za mwanzo. Vikundi kama Black Girls Hike na Muslim Hikers vimeundwa kwa ajili hiyo, na The Ramblers, chama cha watembeaji kilichoanza 1935, hupokea yeyote. Njiani salimia, watu wa mashambani husalimiana, na salamu hufungua mazungumzo kuhusu mbwa, hali ya hewa na njia iliyo mbele.

Na siku utakapokuta kijia kimezibwa kwa waya, lango limefungwa kwa kufuli au mazao yamemeza njia, usirudi nyumbani kimya. Piga picha, andika namba ya gridi kutoka kwenye ramani, upeleke taarifa kwa halmashauri ya Buckinghamshire, ambayo kisheria ina wajibu wa kuilinda njia hiyo. Taarifa yako ina uzito uleule wa taarifa ya mtu aliyezaliwa kijijini, kwa hiyo itume siku hiyohiyo.